Udongo Ambao Violet Hakupewa

Idodi, Iringa

Mwanangu Liberatus,

Kamwene. Mwalimu Evarista ndiye ananiandikia, na nimemkataza kulainisha maneno yangu. Mahindi yamebeba, mbuzi amezaa mapacha. Wewe huko Ubaruku umeshiba wali mpaka umesahau kwenu?

Mwalimu amemletea mwanao ubao wa picha. Violet hasemi, mikono haimtii, lakini picha anayoikazia macho ndiyo neno lake. Siku ya kwanza alitazama picha ya mama, kisha ile ya kuuliza "wapi". Kesho yake vilevile. Wiki nzima: mama, wapi, mama, wapi, mpaka nikaogopa kuingia chumbani.

Nikamwambia, "Mama yako alikufa, mjukuu wangu. Mwaka wa tatu huu."

Macho yakaenda kwenye "ndiyo". Alikuwa anajua siku zote! Nikamuuliza, "Unatafuta kaburi lake?" Macho yakarudi kwenye "ndiyo".

Siku tunamzika mkeo Faustina, ni mimi niliyesema, "Huyu mpelekeni kwa jirani, haelewi kitu." Kila mtoto alitupa udongo kaburini, yeye hakupewa. Kumbe kule kwa jirani alikuwa anasikia vilio vyetu vyote, na hana pa kulilia. Sipati usingizi, Liberatus.

Nimembembeleza nimbebe tukatupe udongo wake. Anakataa, anatazama picha ya baba. Vidole vyake haviwezi kufumba udongo. Njoo umfumbie.

Mimi mama yako, ninayeweza kukuchapa hata na ndevu hizo,
Devota