Kapewa Picha ya Ubongo Wake Mwenyewe

Shoga, huwezi kuamini! Si unamjua mume wangu, fundi wa MRI, ile mashine ya kupiga picha za ubongo, anayewafokea wagonjwa wasitikisike?

Leo homa ile ya kupe iliyomlaza hospitali imeshuka. Daktari akampa picha ya ubongo, amjaribu kama akili imerudi. Hakumwambia ni ya nani.

Akaikunjia uso. "Hapa katikati, kulia na kushoto, pana weupe. Virusi hivi. Muulizeni kama aliumwa na kupe. Halafu ametikisika! Kwani huyu haambiliki?"

Haambiliki! Ati haambiliki! Nilicheka mpaka machozi.

Nikamwambia, "Ni wewe huyo."

Akaikodolea picha, kisha akanigeukia. "Mke wangu, mbona umekonda hivi?"

Shoga, tangu alazwe alikuwa ananiita nesi.