Mpunga Uliosubiri Mbolea

Tindiga, Kilosa

Mama yangu,

Shikamoo. Kama kile kifua kimeanza kukuacha ulale, nashukuru. Huku tu wazima wa mwili. Ya moyoni ndiyo yamenikalisha niandike.

Katika barua yako uliniambia nivumilie, mume ndiye kichwa cha nyumba. Sasa nakueleza yote, halafu useme tena.

Mwaka jana tulisia mbegu mapema, miche ikaota vizuri kitaluni. Mvua ikaja, majaruba ya kupandia yakajaa maji. Nikamwambia mume wangu, "Baba Mbuke, tupandikize. Mvua ndiyo hii."

Akasema, "Kupanda bila mbolea ni kutupa mbegu."

Zamani mbolea ya chumvichumvi ililetwa na chama cha ushirika hadi kijijini. Siku hizi ni biashara huria, ghala la ushirika limebaki na popo tu, na sisi tunamtegemea mfanyabiashara mmoja wa Kilosa mjini. Kila tukienda anasema lori liko njiani. Wiki zikapita. Miche ikarefuka, ikakomaa kitaluni, ikaanza kufunga mafundo kama mabua ya mtama.

Nilishindwa kuvumilia. Nikang'oa miche kidogo, nikapandikiza kona moja karibu na mfereji, nikaweka samadi ya ng'ombe wetu wenyewe. Baba Mbuke alicheka. "Bustani ya Kabula," alikuwa akiwaambia kaka zake.

Mbolea ilikuja masika yamekwisha kukolea. Tukapandikiza ile miche mizee, tukamwaga mbolea, na siku ya tatu mafuriko yakapita juu yake. Akanunua nyingine, akamwaga tena. Mpunga ukawa wa kijani hadi wapita njia wakausifia. Lakini ulichanua Juni, kwenye baridi, mvua imekatika. Nikayabonyeza masuke, mama. Mapepe matupu, maganda yasiyo na punje.

Bwana shamba alipopita aling'oa shina moja, akatuonyesha mizizi mifupi, myeusi. "Mpunga unakula ukiwa mdogo," alisema. "Huu mmeulaza njaa kitaluni. Chakula kimekuja, nguvu ya kukivuta imekwisha. Hata mngemwaga mbolea ya wilaya nzima."

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anatazama miguu yake.

Nikadhani yameisha. Tulipopura, shamba lake lote lilitoa magunia mawili, kona yangu matatu. Jioni ile aliwaita kaka zake, akasema mbele yangu, "Huyu ndiye ametuletea njaa. Alichagua miche mizuri yote akatuachia mabua." Nao wakaitikia kwa vichwa! Hakuna aliyeuliza kwa nini miche ilikaa kitaluni hadi ikawa mabua. Mpunga wangu ndio tuliokula wote mwaka mzima, na yeye ndiye alikuwa wa kwanza kunawa mikono.

Sasa yuko Mikumi, anabeba zege kwenye nyumba ya wageni inayojengwa barabarani. Juzi amenitumia salamu kwa jirani yetu Mkaguru, Mama Yohana: "Mwambie asiguse miche mpaka nije na mbolea."

Mama Yohana alizifikisha akiwa ameshika jembe. Akaniuliza, "Sasa?"

Nikamjibu, "Twende."

Leo ni siku ya nne tunapandikiza, mimi, yeye na Mbuke wangu. Si kona, mama, ni shamba lote. Samadi nimeitoa zizini kwa kichwa, shemeji zangu wakinitazama kutoka uani kwao.

Nisalimie baba mdogo aliyenifundisha kushika jembe la ng'ombe, na shangazi mfinyanzi. Kaka mchunga ng'ombe mwambie mpunga alioniomba wa harusi yake sina.

Shemeji zangu wakikuandikia kwamba binti yako amekuwa jeuri, usihangaike kunitetea. Wajibu kwamba ni kweli.

Mimi mwanao,
Kabula