Namba Saba Mbili kwenye Foleni ya Madumu

Mpendwa Bi Maimuna, shikamoo. Naomba uninusuru kwa shauri lako, maana tangu Jumatatu nimekwama. Mimi ni msichana wa Kinango, natengeneza tovuti za hoteli huko Diani, na mwezi uliopita niliwatengenezea kina mama wa kwetu ukurasa wa foleni ya maji, maana wajua huku kwetu dumu hupanga foleni badala ya mwenyewe, mtu huliweka akaenda zake shambani, nami nikaona mbona lisipangwe kwa simu, ukibonyeza tu dumu lako linachorwa kwenye skrini na namba yake, wakanishangilia, nami nikavimba kichwa.

Sasa kosa langu ni hili, sikutaka mtu asubiri mtandao wetu wa kusuasua, nikaifanya simu ichore dumu papo hapo na kujikisia namba kabla hifadhidata, yaani lile daftari moja la mtandaoni, haijajibu, kwa hiyo Jumatatu wanawake wawili waliobonyeza kwa wakati mmoja walifika kila mmoja na namba saba yake, mama Jumwa anayeshika bomba akamfuata yule aliyeonekana kwenye simu yake yeye, maji yakaisha, mwenzake akarudi na dumu tupu, na sasa wanasema mama Jumwa ana upendeleo, Ijumaa kamati ya maji inakutana kumwondoa, naye, Bi Maimuna, mwanamke huyo namheshimu kupita kiasi, miaka kumi na moja ameshika ufunguo wa bomba hajamtanguliza hata dada yake, foleni nzima huishika kichwani, na ukimdanganya hukutazama tu mpaka urudi nyuma mwenyewe, na mimi ninayejua ukweli nimenyamaza, je, nirekebishe kimyakimya, ama niufute ukurasa nirudi zangu Diani?

Mbodze, Kinango

Marahaba, mwanangu Mbodze. Anayeshinda akipamba picha za mabwawa ya kuogelea, kisha akakumbuka dumu la mamake, huyo ana utu, na nakusifu kwa moyo wote.

Lakini kimyakimya? Wallahi umenikera! Mficha uchi hazai.

Nimemwuliza Swabir, fundi wetu wa mitambo hapa stesheni ya redio, akasema, "Mwambie simu isitoe namba, Bi Maimuna. Namba itolewe na hifadhidata peke yake, simu isikilize na kuonyesha ilichoambiwa." Basi mtu akibonyeza, dumu lake liandikwe "linasubiri", na jibu likija ndipo namba ionekane kwenye simu zote kwa pamoja, ya mama Jumwa ikiwamo. Mtandao ukikatika, ukurasa useme umekatika, usijifanye unajua.

Na hilo ungelijifunza palepale bombani. Miaka kumi na moja hakuna aliyejipa namba, zote zilitoka kinywani mwa mama Jumwa. Mwanamke wa ajabu! Wewe ukaichukua kazi yake ukazigawia simu za kijiji kizima.

Usifute kitu. Alhamisi nenda kwake, umwamkie, umweleze yote kabla hajayasikia kwingine, na akikutazama vumilia. Ijumaa simama mbele ya kamati, kina mama wote wakisikia, useme kosa ni lako. Watakusema, na watakuwa na haki. Ila ukinyamaza, Jumamosi ufunguo utakuwa kwa mtu mwingine, na wewe peke yako utajua ni nani aliyemnyang'anya.