Wimbo wa Tisa Haukuisha

Jumapili, 7 Septemba 2014

Na kitu kingine nilichosahau kukiandika juzi: Elia akicheka sana hupiga goti langu, si lake. Wiki tano na siku moja tangu arusi. Bado nahesabu. Nitaacha nikichoka, na sijachoka.

Jumapili zetu ziko hivi. Kanisa, ugali na maharage, halafu CD za video za nyimbo za zamani mpaka jua lizame. Tunakaa kwenye benchi alilolitengeneza mwenyewe karakana, kwa mbao za mninga, kipimo cha watu wawili kamili. Mgeni akija anapewa kiti. Benchi ni letu.

Leo tumecheka mpaka jirani akagonga ukuta. Video zote za zamani ni kama zilipigwa kwenye bustani ya hoteli moja. Maua yaleyale. Mwimbaji analia kwenye simu ya mezani huku waya wa simu unaning'inia, haujachomekwa popote. Na makoti. Mimi ni fundi cherehani, najua. Bega moja la koti lile lingetosha kushona sketi ya mtoto. Elia anazijua nyimbo zote, mpaka mahali mcheza shoo wa pili kutoka kushoto anapokosea hatua. Anamsubiri akosee. Nampenda mno.

Nataka kumtafutia nyingine. Nyingi. Awe na za kumtosha uzee wote.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimepata hazina. Nikipanga sanduku lake la bati nimekuta mkanda wa video, ule mkubwa mweusi. Umeandikwa kwa kalamu ya wino: NYIMBO KALI. Herufi za mtoto, K ina mkia. Nimeubusu ule mkia.

Nikauweka juu ya meza aukute akirudi kazini.

Aliuona. Akaurudisha sandukuni. Hakula. Nikauliza, akasema amechoka. Nikauliza tena, akasema, "Tabitha, acha." Hajawahi kuniita kwa jina tangu tuoane. Huwa ananiita mama, au mpenzi akiwa na aibu kidogo.

Nimekasirika. Nimeumia. Vyote viwili.

Jumanne, 9 Septemba

Ameniambia. Asubuhi, kabla ya chai, amesimama mlangoni ananipa mgongo. Naandika yote nisije nikayasahau vibaya.

Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka kumi na minne. Alibaki kwenye picha mbili za kitambulisho na kwenye mkanda mmoja tu, wa arusi ya shangazi yao Foibe, kule kwao Kumsenga. Mkanda haukuwa na jina. Elia alipofika miaka kumi na mitano akauchukua nyumbani, akidhani ni mtupu, akaenda nao kwa rafiki yake mjini Kibondo, mtoto wa mfanyabiashara mwenye dishi na jenereta. Wakarekodi kipindi cha nyimbo cha Jumamosi mchana. Akauandika NYIMBO KALI. Akaona fahari.

Mwaka mmoja wa msiba ulipotimia, Baba mkwe alikusanya ndugu sebuleni kwa mfanyabiashara yuleyule, wamwone marehemu akitembea. Mchungaji alikuwepo. Wazee kwenye viti vya mbele. Mkanda ukawekwa. Wakatokea wasichana wa vikaptura wanacheza ufukweni.

Baba hakumpiga. Alisimama, akautoa mkanda, akamkabidhi. "Mama yako alikuwa humu." Basi. Miaka kumi na mitatu sasa wanaongea mvua na maharage. Kwenye arusi yetu Baba alikaa kanisani mpaka baraka ya mwisho. Muziki ulipoanza ukumbini hakuwepo tena. Mimi nilidhani ananikataa mimi. Nimelia siku ngapi kwa siri. Kumbe.

Hajakanyaga hapa kwetu.

Jumatano, 10 Septemba

Nimeshona vibaya siku nzima. Mikono miwili ya gauni, yote ya kulia. Kichwani nina swali moja, nikamngoja nalo.

Aliporudi nikamuuliza mlirekodi mpaka wapi. Akasema nyimbo nane na kipande. Kipande kwa nini? Petroli iliisha. Jenereta ikazima katikati ya wimbo wa tisa, na baba wa rafiki yake akawafukuza kwa kumaliza petroli yake.

Nyimbo nane na kipande. Haifiki hata saa nzima. Na mkanda ni wa saa tatu.

Nikamwangalia. Akaniangalia. Nikauliza baada ya hapo kuna nini. Akasema hajui. Siku ile sebuleni hakuna aliyengoja wimbo wa pili, na yeye hajauweka tena popote.

Hataki. Anasema kama hayupo, atakuwa amempoteza mara mbili. Sikubishana. Ila kichwani sina wazo lingine.

Alhamisi, 11 Septemba

Mji wetu wote wa Kasulu hauna deki ya mikanda. Nimeuliza maduka sita. Kijana mmoja alinionyesha kwenye simu yake jinsi ninavyoweza kupata nyimbo bila mikanda, akanisikitikia.

Mwishowe Mzee Shabani, fundi redio wa karibu na soko. Alikuwa na banda la video zamani. Akasema, "Bi harusi, watu wanaoana wanatafuta kitanda, wewe unatafuta deki?" Nikamweleza. Akaacha utani. Akatoa magunia mawili, boksi la feni mbovu, na deki ikatoka na vumbi lake. Ameahidi kuisafisha kichwa kwa spiriti. Kesho.

Nimemwambia Elia. Amemaliza chai yake, akaosha kikombe. Kisha akasema anakuja.

Ijumaa, 12 Septemba

Tumengoja Mzee Shabani arudi kutoka swala. TV ya chogo, nyaya tatu za rangi. Picha ikaja na chenga, halafu ikatulia.

Wimbo wa kwanza, wale wasichana wa ufukweni. Elia akainamisha kichwa. Wimbo wa pili, bwana mwenye suti nyeupe juu ya boneti ya gari. Baada ya wimbo wa pili, kabla ya wa tatu, pale waliposimamisha kurekodi, nimeona kitu. Kufumba na kufumbua. Kiwiko cha mtu na turubai la kijani. Elia hakukiona. Nimeuma kidole changu.

Wimbo wa nne, deki imekula mkanda.

Sauti ile sitaisahau. Mzee Shabani akachomoa umeme, akaingiza vidole. Utepe umetoka umekunjamana kama matumbo ya kuku. Elia alitoka nje. Nilimkuta kwenye ukuta, anapumua kwa mdomo. Akasema turudi nyumbani. Nikasema hapana. Mara yangu ya kwanza kumwambia mume wangu hapana.

Mzee anasema atakata palipoharibika na kuunga. Sekunde chache za wimbo wa nne zitapotea. Anasema twende tukalale, aje kesho kufanya kazi yake bila machozi ya watu.

Nimeomba. Nimeomba vibaya, kama mtoto. Nimemwambia Mungu wimbo wa nne achukue wote.

Jumamosi, 13 Septemba

Yumo.

Yumo, yumo, yumo.

Nianze vizuri. Maungio yamepita. Wimbo wa tano, wa sita, wa saba, wa nane. Hakuna aliyecheka makoti. Wimbo wa tisa, mwimbaji anapanda ngazi, anageuka, anafungua mdomo, na petroli inaisha. Chenga. Bluu. Kisha turubai la kijani na watu wanakula.

Dakika tano za watu wanakula. Migongo. Mtoto analia. Elia anawataja, huyu mjomba, huyu marehemu fulani. Sauti yake inapungua. Mimi simjui ninayemtafuta. Nikamtazama Elia badala ya TV.

Ndipo nikaona uso wake ukibadilika.

Mama yake amebeba masinia mawili, kitenge cha bluu chenye kanga weupe, ndege. Mpiga picha anamwita. Anaweka masinia chini. Anafuta mikono. Anarekebisha kilemba, anasimama wima, mikono ubavuni, na anaganda. Anadhani ni kamera ya picha. Hapepesi macho. Amekaza shingo anangoja ule mwanga upige, na nyuma yake watu wote wanatembea. Anangoja, anangoja. Kuku anapita miguuni, hashtuki. Sijapata kuona mtu mwenye subira kama mama mkwe wangu.

Kisha sauti ya mwanamume, pembeni, inasema kwa Kiha: "Cheza, mke wangu, hii inatembea."

Ni Baba. Ni sauti ya Baba, ya ujana.

Akaziba mdomo. Akacheka mpaka akainama. Akampiga goti mtu aliyekaa karibu. Goti la mtu mwingine. Mungu wangu. Halafu akacheza. Anacheza vizuri, mabega tu, miguu haihitaji. Dakika tatu hivi. Mwishoni anakuja mpaka karibu kabisa na kamera, anaiziba kwa kiganja, giza.

Elia amerudisha mara nne. Mzee Shabani akasema tusiuchoshe mkanda, akatoka kwenda kunywa chai ambayo hakuwa nayo.

Jumapili, 14 Septemba

Amempigia. Ilimchukua kuanzia kanisani mpaka saa kumi. Niliketi upande wangu wa benchi, nikashika kiwiko chake.

"Data, ni mimi." Data ni baba kwa Kiha. Wakaongea mvua. Wakaongea maharage. Nikamfinya. Ndipo akasema. Akasema yote kwa pumzi moja, petroli, wimbo wa tisa, masinia.

Nilidhani salio limeisha.

Kisha Baba akauliza, "Amevaa nini?"

Elia akamwambia. Bluu, kanga weupe.

"Nilimnunulia sokoni Manyovu," akasema. "Ninacho."

Elia akamweleza kwamba yuko mjini fundi anayeweza kuihamishia video kwenye CD, tungemtumia kwa mtu anayepanda basi la Kibondo. Baba akasema hapana. Simu ikakatika hapo. Hatujui hapana ya nini. Elia ameenda karakana siku ya Jumapili, nimesikia randa mpaka giza linaingia. Mimi nimekaa peke yangu benchini, nimeogopa.

Alhamisi, 18 Septemba

Mvua ya kwanza, ndogo. Vumbi limelala.

Mzee Shabani ameleta deki mwenyewe, amekataa nimshukuru. Nimeitandikia kitambaa nilichodarizi.

Elia amemaliza. Amelikata benchi letu na kulirefusha. Maungio yanaonekana, mbao mpya ni nyeupe zaidi. Nimekaa katikati kujaribu. Watu watatu, wanaenea vizuri.

Mchana Baba amepiga, si kwa Elia. Kwangu. Aliniita mwanangu. Hakusema mengi. Kitenge atakuja nacho, nikione kama kinafaa kushonwa au kiachwe hivyohivyo. Na nimwambie mume wangu nyimbo zake asizirukishe. Ataanza nazo, tangu ule wa ufukweni. Atapanda basi akishapanda maharage. Kabla mwezi haujaisha.