Nyumba Yetu Imepungukiwa Mita Sitini

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla sijaumbuka. Mimi ni fundi cherehani, binti yangu ana miaka sita, shule yao ina basi lakini kanuni inasema mtoto mdogo hapandi mpaka kwao kuwe zaidi ya kilomita moja na nusu, na karani akaniambia sisi tumepungukiwa mita sitini, sikuamini, Jumamosi nikachukua utepe wangu wa kushonea, mume wangu akashika ncha ya pili, tukapima kwa kufuata barabara maana njia ya mkato inapita ndani ya kiwanda cha mbao, tukainama na kuinuka mara elfu moja na mia nne, wapita njia wakiuliza kama tunaishonea barabara suruali, na ikatoka kilomita mbili na ushee! Lakini niliona haya kumwambia karani habari za utepe, nikaandika kwenye fomu kwamba tunakaa kwa wifi yangu, mtaa wa juu, tukapewa nafasi. Sasa kila asubuhi mtoto anasimama getini kwa wifi, na juzi mwalimu alipowaambia wachore nyumbani kwao, akauliza, "Mwalimu, nichore ya kulala au ya basi?" Nimeitwa shule Ijumaa. Nikiri mtoto akose basi, au nikomae na uongo wangu? Na hizo mita sitini karani alizitoa wapi?

*

Mama, nimecheka mpaka chai ikanipalia, kisha nikakasirika. Swali lako la mwisho ndilo ungeanza nalo! Mimi mwenyewe lilininyima raha, nikampigia dereva mstaafu wa basi la shule. Akanijibu, "Huyo karani kapima kwenye ramani, na ramani haioni malori." Yaani amempitisha mwanao katikati ya kiwanda cha mbao.

Usingoje Ijumaa. Nenda kesho na mumeo. Sema kwanza, "Nilidanganya anwani," ukate jina la mtaa wa wifi kwa mkono wako. Halafu mwombe karani mtembee naye hiyo njia fupi saa moja asubuhi, malori yakiwa yanapakia, aone kama angempitisha wa kwake. Wakikunyang'anya nafasi kwa wiki kadhaa, mpeleke mwenyewe kwa miguu, wateja wa sketi watasubiri.

Ila kabla ya karani, mwombe radhi binti yako. Yeye ndiye uliyemfundisha kusimama kwenye geti la watu na kuliita kwao.