Mnara, Hatimaye!

Alhamisi, 13 Julai 2017

NIMEHITIMU! Nimehitimu, jamani! Mwandiko umekuwa kama wa Baba. Alama 104 kati ya 110. Miaka sita Bologna, leo imezaa! Taji la majani la wahitimu bado liko kichwani, linaniwasha vibaya, silivui ng'o.

Fosca, mwenzangu wa chumba, na genge lake walinizungusha mtaa mzima wa chuo wakiniimbia ule wimbo wa matusi wanaoimbiwa waliohitimu — mbele ya Baba! Nilidhani ardhi itanimeza. Kumbe Baba ndiye aliyecheka kuliko wote, mpaka akajishikiza ukutani.

Mezani akainua glasi. Akasema alishatamka, hakuna ndoa mpaka mimi na Nevio, mchumba wangu, wote wawili tuwe na shahada, na yeye si mtu wa kula maneno yake. Nevio alimaliza Machi, mimi leo. Basi, Septemba tarehe 9, kanisani kwetu Comacchio! Nevio akanywa yake yote kwa mkupuo mmoja. Maskini mpenzi wangu, yeye hakupata hata wimbo. Bibi yake alikuwa amezikwa wiki ileile, akatuomba tusiende, ili akatetee tasnifu yake kimyakimya na arudi zake nyumbani. Sikumwona na taji. Inaniuma mpaka leo.

Ila keshokutwa — mnara!

Ijumaa, 14 Julai

Nimeamka saa tano. Kichwa!

Nimempigia Nevio. Kesho tunazurura mjini kama watalii, kofia na kamera, na saa tisa tunapanda mnara wa Asinelli. Miaka sita nimepita chini yake nikiinamisha macho. Mwanafunzi akiupanda kabla ya kuhitimu, basi tena, hahitimu maishani. Kila mtu hapa anajua. Na aliyeniambia ni Nevio! Wiki yangu ya kwanza chuoni, niko mlangoni pale na mguu mmoja ngazini, mvulana nisiyemjua akanivuta mkono kwa nguvu: "We dada, umechoka na masomo kabla hujaanza?" Ndivyo tulivyojuana. Tukaapa tutapanda pamoja.

Kasema joto litatuua. Mvivu huyu! Nimeshachukua tiketi.

Jumamosi, 15 Julai, saa saba mchana

Mkahawani. Nevio kaenda kunawa uso, kwa mara ya pili. Naandika haraka.

Raha niliyonayo leo! Nimekata uwanja mkuu kwa mshazari — katikati kabisa, kutoka pembe mpaka pembe! Nao ni mwiko kwa wanafunzi, kama ule wa mnara. Nilitembea polepole, mabega juu, mama mmoja akanipigia makofi. Nikageuka nimwone bwana harusi wangu: kazunguka kwa pembeni, anaambaa na ukuta! Eti anatafuta kivuli. Saa nne asubuhi!

Halafu tukaenda chini ya lile tao la minong'ono, unaposema kwenye pembe moja mwenzako anakusikia pembe ya pili. Nikanong'ona, kwa jina wanaloitwa wahitimu wote huku: "Dokta wangu, nakupenda." Nikarudia. Sauti ikatoka jiweni: "Usiniite hivyo, Nella." Nikamwambia unyenyekevu nao una kiasi chake, jina hilo umelitolea jasho. Alipotoka kule pembeni macho yalikuwa mekundu. Nadhani kamkumbuka bibi yake.

Tumeagiza tortellini, zile tambi za kujazwa nyama, sahani yake imepoa. Mimi nimekula zote mbili. Anakuja. Saa tisa, jamani, saa tisa!

Jumamosi, saa tisa na dakika ishirini

Niko ndani ya mnara. Peke yangu. Nimekaa kwenye ubao wa kupumzikia, naandika, maana nikiacha kuandika nitalia.

Mlangoni mama wa tiketi aliuliza, "Wawili?" Nevio akasema nipande mimi, yeye ana kizunguzungu. Kizunguzungu! Mtu anayeezeka nyumba na baba yake kila kiangazi, anakula mkate juu ya paa huku miguu inaning'inia! Nikamwambia hivyohivyo. Akasema basi ni tumbo. Nikamuuliza kizunguzungu kimeshashuka tumboni? Watu nyuma yetu wakaanza kunung'unika. Nikamvuta mkono. Akang'ang'ania mlango kwa mikono yote miwili.

Mama wa tiketi akacheka. "Mwache, binti. Wanafunzi wote wako hivyo. Siku atakayomaliza chuo utamleta."

"Huyu kamaliza Machi!" nikasema, kwa sauti, wasikie wote.

Nikamwangalia Nevio aseme ndiyo. Akaangalia viatu vyake.

Nikapanda kwa hasira, nikidhani nimekasirikia tumbo. Nilipofika ngazi ya mia hivi, nikakaa.

Hajamaliza.

Miezi minne! Kakaa meza moja na Baba, kapokea pongezi, kachagua viatu vya harusi. Mwongo! Nimemtetea mbele ya umati! Nitamwambia nini Baba? Kadi zimeshakwenda.

Na angeweza kupanda tu, mpumbavu yule. Kupanda tu, basi, nisingejua kamwe. Kashindwa. Bado anaitaka ile shahada, anaitaka kwelikweli, kuliko —

Hatua. Mtu anapanda mbio. Ni mwendo wake.

"Nella! Nakuja! Unaona, napanda, eh? Nilikuwa nakutania!"

Anapanda. Ili niendelee kumwamini, anapanda!

Nimepiga kelele sijui imetoka wapi: "Shuka! Nevio, shuka! Hutahitimu!"

Watalii wawili waliokuwa wanashuka wamesimama kama wamepigwa misumari. Simwoni. Nasikia anavyohema, mzunguko mmoja chini yangu.

Sasa hivi kasema kitu, polepole: "Imebaki mitihani miwili."

Nayaandika maneno yake yalivyo.

"Nella? Nimepanda kama ngazi themanini. Zinahesabika?"

Sijui! Haki ya Mungu sijui, hakuna aliyewahi kuniambia mwiko unaanzia ngazi ya ngapi. Mama wa tiketi anafoka kule chini kwamba tunaziba njia, tupande au tushuke. Nevio hapandi wala hashuki, anasubiri nimwambie, na mimi nafunga daftari, nashuka nikamvute mkono tutoke, kama alivyonivuta yeye siku ile.