Mashini Iliyoishi Mwaka wa 2005

Lundi, 4 Juni 2012

Asubui kama kila asubui. Nimepangusa vumbi, nimewasha mashini ya biro, ile kompyuta moja ya ofisi yetu, nimerudisha tarehe yake mwaka wa 2005. Marehemu papa Léonard, sekretere wa mbele yangu, njo alinifundisha. Programu yetu ya ripoti ilikuwa ya kujaribu siku makumi tatu tu. Mashini ikijua mwaka wa kweli, programu inakufa. Basi tunaidanganya. Miaka saba sasa.

Kisha nikabonyeza kupokea mail. Ikakataa. Connexion sécurisée, sijui nini. Wenye mail walituandikia mwezi uliopita: kuanzia Juni barua zitapita tu mu njia yenye kufungwa na kufuli. Nilisoma, nikasahau. Ujinga wangu.

Saa ine Emmanuel, mwenzetu wa Mahagi-Port, akapiga simu. "Ule mutoto wa mama Jeanne, nimetuma habari yote mu mail, na foto. Ni kwamba..." Rezo ikakatika. Nimepiga mara kumi. Haipiti. Hakusema kama mutoto ni muzima.

Siye tunatafuta watoto waliopotea mu vita. Mama Jeanne, wa kutoka Beni, anauza maharagi ku soko ya Shari, hapa Bunia. Rachel wake alipotelea Nia-Nia, watu wakikimbia, mutoto mu mugongo ya jirani. Alikuwa na miaka tatu. Imepita tisa.

Ninaogopa hii barua.

Mardi, 5 Juni

Faustin, fundi wa mashini, amekuja. Kwanza akasema twende cyber, tufungue mail mu webmail, basi. Kwa mot de passe gani, lile neno la siri? Papa Léonard alikufa nayo. Mu mashini inaonekana kama madoadoa meusi nane tu. Mashini inaijua, miye siijui. Akataka kufuta programu ya mail na kuweka mupya. Nikasimama mbele ya mashini. Ukifuta, madoadoa yanakwenda, na barua pia.

Akabadilisha namba ya mulango, 110 ikawa 995. Akatia alama pa kufuli. Ikakataa tena, lakini kwa maneno mengine. Karatasi ya mashini ya kule, eti, haikubaliki.

Karatasi gani? Faustin akanieleza. Mbele ya kupeana barua, mashini ya kule inaonyesha yetu karatasi yake, kama siye na carte, kitambulisho, ku barrière ya askari. Yetu inaangalia nani alipiga cachet, ule muhuri, na kama siku zake za kutumika ni nzuri. Kisha zinapatana lugha ya siri ya mara moja tu, zenyewe mbili. Kisha njo zinasema. Yote hii mu kufumba na kufumbua jicho.

Ee Mungu wangu. Miaka saba ninabonyeza ile kitufe kama mutu anayefungua sahani ya sombe. Sikujua kitu.

Mercredi, 6 Juni

Hakuna courant, umeme umekatika.

Mama Jeanne amekaa ku banki yetu ya mbao, pa mulango, tangu asubui. Nilimuambia ukweli: habari iko, kuifungua hatuwezi.

"Iko ndani ya hii sanduku?"

"Hapana, mama. Iko mbali. Ulaya, nafikiri."

"Barua itoke Mahagi, ipitie Ulaya, juu ya kufika Bunia?"

"Ndiyo."

"Ata!" Akacheka, kisha akafunga kinywa na kitenge. "Kama amekufa, uniambie mara moja, sekretere. Usinizungushe."

Nikaahidi.

Jeudi, 7 Juni

Courant imerudi, na mama Jeanne pia. Nimesoma ile kosa polepole, neno kwa neno, kama mutoto wa primaire. "Karatasi hii haijaanza kutumika." Inaanza Januari 2012.

Nikaangalia chini ya ekrani. 2005. Mukono wangu njo uliiandika.

Kumbe! Mashini haikuwa na ubaya. Iliona karatasi ya mutu ambaye hajazaliwa, ikakataa vizuri. Miye njo niliidanganya, kila asubui, na nilijisikia mujanja. Haya imenishika mbele ya mama Jeanne.

Programu ya ripoti ife. Nikaandika mwaka wa kweli. Nikabonyeza.

Kufuli ndogo ikajifunga. Barua ya kwanza. Ya pili. Zinashuka moja moja, na kila moja imepita Ulaya. Nililia mbele hata ya kusoma. Ya Emmanuel ilikuwa ya kumi na tano.

Nikasema mara moja, vile niliahidi: "Iko muzima, mama."

Foto ilifunguka polepole, kutoka juu. Nywele. Paji la uso. Mama Jeanne alisimama, mikono chini. Macho. Pua. Kinywa kilipofika, mama akasema jina la marehemu mama yake. Yule mutoto amechukua sura ya bibi yake yote.

Nikasoma iliyobaki. Familia ya wavuvi njo walimulea, watu wazuri. Anasoma primaire. Jina la Rachel analijua. Lakini anasema Kialur, lugha ya kule. Kiswahili anasikia kidogo sana.

Vendredi, 8 Juni

Programu imekufa. Chef amekasirika, kisha ameona ile foto, amefungua kabati, ametoa karatasi. Tutaandika ripoti na bic.

Samedi, 9 Juni

Nimepita soko ya Shari juu ya samaki. Meza ya maharagi ilikuwa imefunikwa. Mama Jeanne alikuwa amekaa kule kwa wauza samaki, pembeni ya mama mumoja Mualur. Mama anasema neno, yeye anarudilia. Anakosea, wanacheka, anarudilia tena. Hakuniona.

Nikauliza muuza samaki mwingine anafundishwa nini.

"Anataka kusema: ni miye mama yako, nilikutafuta. Ya kwanza amejua. Ya pili inamushinda."

Lori ya Mahagi inaondoka lundi.